Nani Alimpa Nani Kura?

Shosho yangu hajui Kiingereza cha kufuata hotuba. Kwa hivyo likizo iliyopita nilikaa naye jikoni, nikamchezea moja kwenye simu, nikiisimamisha kila mara ili nimtafsirie. Ilikuwa ile ya Barack Obama aliyoitoa Selma, jimbo la Alabama, Jumapili tarehe 4 Machi 2007, akiwa bado seneta anayetafuta tiketi ya urais. Tulienda vizuri mpaka pale anapoeleza jinsi babake alivyofika Marekani. Ati akina Kennedy waliamua kuwaleta vijana wa Afrika kwa ndege waje wasome, na kijana mmoja kutoka Kenya akapata tiketi. Shosho akaacha kukoroga uji.

"Na Mboya ako wapi?"

Nikarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Mboya hayuko. Shosho, ambaye mwaka wa 1969 Mboya akiuawa alikuwa msichana wa Bahati, alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia mazishi yakitangazwa bila jina la marehemu. Mimi nilikuwa nimeisoma hotuba hiyo mara tatu na sikuwa nimeona pengo hilo. Tangu siku hiyo sijaweza kuisoma vile nilivyokuwa nikiisoma.

Wacha niseme mapema kwamba ni hotuba nzuri. Hii si makala ya kumchapa Obama. Aliitoa katika kanisa la Brown Chapel, kwenye kumbukumbu ya Jumapili ya Damu, yaani tarehe 7 Machi 1965, siku ambayo polisi wa jimbo waliwapiga virungu na kuwarushia gesi ya machozi watu waliokuwa wakivuka daraja la Edmund Pettus wakidai haki ya kupiga kura. Obama anawagawa Wamarekani weusi katika vizazi viwili vya Biblia. Kuna kizazi cha Musa, kilichotoka utumwani na kuiona nchi ya ahadi kwa mbali, na kizazi cha Yoshua, chake yeye, kinachotakiwa kumalizia safari. Halafu anamleta babu yake, mpishi wa Wazungu huku Kenya, mtu mzima aliyekuwa bado anaitwa "boi". Anawauliza wazee wa Selma kama hilo si jambo wanalolijua. Wanalijua vizuri sana. Kwa sentensi chache ameunganisha Nyang'oma Kogelo na Alabama, na hakuna aliyelazimika kutazama ramani.

Lakini tusisahau ni hotuba ya aina gani. Asubuhi ileile, katika kanisa la First Baptist lililo karibu na hapo, Hillary Clinton naye alikuwa anahutubia. Wote wawili walikuwa wakitaka tiketi ya chama cha Democratic, na wote walijua huwezi kuipata kirahisi Kusini bila kura za watu weusi. Selma siku hiyo ilikuwa kanisa na soko kwa wakati mmoja. Na sokoni kila muuzaji huja na hadithi ya mahali mzigo wake ulikotoka.

Sasa tuhesabu miaka. Obama mzee alifika Hawaii kusoma mwaka wa 1959. Pesa za akina Kennedy zilitoka 1960. Mtoto alizaliwa Agosti 1961. Daraja la Selma likavukwa 1965. Katika hotuba, mambo yamepangwa kinyume: Selma na Birmingham zinatikisa dhamiri ya nchi, Ikulu inaona aibu, ndege inatumwa Afrika, wazazi wanakutana, mtoto anazaliwa, na mtoto huyo anasema asiambiwe kwamba hana dai lolote Selma. Baadaye kampeni yake ilikiri kosa kuhusu Kennedy, na kuhusu Selma ikaeleza kwamba alimaanisha vuguvugu zima la haki za kiraia. Sawa. Mtu anaweza kukosea tarehe. Kinachonishughulisha ni kosa lilivyoelekea. Lilipokosewa, lilikosewa kwa faida ya nani?

Hebu tuirudishe stori yenyewe. Ndege ya kwanza ya 1959 iliwapeleka Marekani wanafunzi 81. Aliyezunguka vyuoni akiomba nafasi na pesa alikuwa Tom Mboya, kijana ambaye hata miaka 30 hakuwa amefikisha. Huku nyumbani familia zilichanga. Kule, barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Wote watatu ni watu weusi. Serikali ya Marekani iliombwa isaidie nauli, ikakataa.

Mwaka wa 1960 ulikuwa wa uchaguzi. Mboya alikwenda kuonana na Seneta John Kennedy huko Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000 kwa safari ya mwaka huo. Upande wa Makamu wa Rais Richard Nixon uliposikia, serikali ileile iliyokuwa imekataa ikapata dola 100,000 ghafla. Waandaaji wakachukua za Kennedy. Seneta Hugh Scott wa chama cha Republican akasimama katika Seneti kulalamika kwamba Kennedy amewapiku kwa sababu za kisiasa. Katika ndege za mwaka huo alikuwemo msichana mmoja wa Nyeri anayekwenda chuo kidogo cha Kansas. Jina lake Wangari.

Umeona? Vyama viwili vya Marekani viligombania nani alipe nauli ya Wakenya, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na jicho kwa mpiga kura mweusi wa Chicago na Detroit. Hiyo ndiyo hadithi ambayo Obama angeweza kuisimulia Selma. Ina Mkenya anayejua kupiga bei, ina watu weusi wa Marekani wanaofungua pochi zao kabla serikali haijafungua yake, na ina vyama viwili vinavyokimbizana kufika mahali watu weusi walipokwishafika. Badala yake tulipewa hadithi ambayo Ikulu inaona aibu, inafanya uamuzi, na Mwafrika anapokea tiketi.

Jackie Robinson mwenyewe anaharibu hadithi zote mbili za vyama. Mwaka wa 1960 alimpigia kampeni Nixon. Alikuwa na sababu zake: chama cha Democratic wakati huo ndicho kilichokuwa chama cha magavana na maseneta wa Kusini waliolinda ubaguzi. Miaka minne baadaye alihudhuria kongamano la Republican huko San Francisco, akaona jinsi chama kilivyomkumbatia Barry Goldwater, seneta aliyepinga Sheria ya Haki za Kiraia, akatoka akiwa amekata tamaa na kumuunga mkono Lyndon Johnson. Hakuwa mali ya mtu. Aliangalia kinachofanywa, akahama.

Hadithi ya chama kwa mpiga kura mweusi ni aina ya utungaji yenye kanuni zake. Anza mahali panapokupendeza, kata kabla hapajakuumbua. Republican wanaanzia 1854 chama kilipoundwa kupinga kuenea kwa utumwa. Wanapita kwa Lincoln, kwa marekebisho matatu ya katiba ya 1865, 1868 na 1870, kwa Hiram Revels wa Mississippi, seneta wa kwanza mweusi, ambaye kweli alikuwa Republican. Wanakumbusha kwamba wabaguzi wa Kusini walikuwa Democratic. Wanamalizia na kura ya 1964: katika Baraza la Wawakilishi, asilimia 80 ya Republican waliunga mkono Sheria ya Haki za Kiraia, dhidi ya asilimia 61 ya Democratic. Halafu kamera inazimwa.

Takwimu hizo ni za kweli. Ndiyo maana nataka tuzifungue. Gawa kura hiyo kwa eneo. Nje ya majimbo 11 yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Democratic 145 kati ya 154 walisema ndiyo, na Republican 138 kati ya 162. Ndani ya majimbo hayo 11, Democratic 7 kati ya 94 walisema ndiyo, na Republican hakuna hata mmoja kati ya 10. Kumbe Kaskazini Democratic waliunga mkono zaidi, na Kusini pia waliunga mkono zaidi, lakini ukijumlisha wanaonekana nyuma, kwa kuwa karibu wabunge wote wa Kusini walikuwa wao. Mstari uliogawa nchi ulikuwa wa mahali kuliko wa chama. Miezi michache baadaye Strom Thurmond, seneta wa South Carolina aliyewahi kuongea zaidi ya saa 24 mfululizo kuzuia sheria ya haki za kiraia ya 1957, alihama Democratic akaingia Republican. Karibu thuluthi ya wapiga kura weusi walikuwa wamempigia Nixon 1960. Goldwater mwaka wa 1964 alipata kama asilimia 6. Na mwaka wa 2005 mwenyekiti wa kitaifa wa Republican, Ken Mehlman, alikwenda mbele ya mkutano wa NAACP huko Milwaukee akakiri kwamba baadhi ya watu wa chama chake walitafuta faida katika mgawanyiko wa rangi, na kwamba walikosea. Mwenye hadithi mwenyewe alikuwa ameshairekebisha. Bado husimuliwa kama zamani.

Democratic nao wana makasi. Wao wanaanzia Johnson akitia sahihi tarehe 2 Julai 1964, kalamu nyingi mezani, Martin Luther King nyuma yake. Husikii sana kwamba sheria isingepita Seneti bila kiongozi wa Republican, Everett Dirksen wa Illinois, kuleta kura za kuwanyamazisha Democratic wa Kusini waliokuwa wakihutubia majuma na majuma ili mswada usipigiwe kura. Husikii kwamba Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935, fahari ya chama, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi ambazo watu weusi wengi wa Kusini ndizo walizokuwa nazo. Na husikii sana habari za Atlantic City, ambako nitawapeleka sasa hivi.

Siku hizi hadithi imefupishwa hata haihitaji hotuba. Agosti 2016 Donald Trump, akiwa Michigan, aliwauliza wapiga kura weusi wana nini cha kupoteza wakimchagua. Mei 2020 Joe Biden aliambia kipindi cha redio kwamba mtu anayesitasita kati yake na Trump basi si mweusi, na siku hiyohiyo akasema hakupaswa kusema hivyo. Ziweke pamoja sentensi hizo mbili. Ya kwanza inamwambia mpiga kura kwamba hana kitu. Ya pili inamwambia hana pengine pa kwenda. Hakuna inayomuuliza anataka nini.

Hapa ndipo Kiswahili kinanisaidia kuliko Kiingereza. Mwalimu wangu wa sekondari alitupigia kelele miaka minne kuhusu kauli ya kutendwa. Pa, pewa. Sikiliza hadithi za vyama vyote viwili ukiwinda kitenzi kimoja: walipewa. Walipewa uhuru na Lincoln. Walipewa kura na Johnson. Walipewa tiketi na Kennedy. Anayepewa kazi yake ni moja, kushukuru, na shukrani inayodaiwa kila baada ya miaka minne ina jina lingine. Inaitwa deni.

Sasa twende Atlantic City, tarehe 22 Agosti 1964. Mbele ya kamati ya chama cha Democratic ameketi Fannie Lou Hamer, mtoto wa 20 katika familia ya wakulima wa Mississippi waliolima shamba la mwingine na kugawana naye mavuno. Amekuja na ujumbe wa Mississippi Freedom Democratic Party kudai viti vya jimbo, kwa sababu ujumbe rasmi umechaguliwa kwa kuwafungia nje watu weusi. Ushahidi wake ni wa dakika chache. Ningependa usomwe katika kila darasa la fasihi, kwa sababu hauna pambo hata moja. Anaanza kwa kutaja jina lake na anwani yake. Anasema tarehe 31 Agosti 1962 watu 18 walisafiri kwenda mjini Indianola kujaribu kujiandikisha kuwa raia kamili. Anaeleza jinsi dereva wao alivyopigwa faini kwa sababu basi lilikuwa na rangi isiyofaa. Anaeleza mwenye shamba alivyomtaka aondoe jina lake au aondoke, na yeye alimjibu nini: kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili ya huyo bwana, alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Aliondoka usiku huohuo, baada ya miaka 18 shambani. Anaeleza jela ya kaunti huko Winona, Juni 1963, na kipigo alichopata humo.

Hesabu vitenzi vyake. Tulisafiri. Nilimwambia. Nilikwenda. Hata anapopigwa, sentensi ina mtendaji: anasema nani aliamuru na nani alipiga. Hakuna mahali anapopewa kitu. Na hamalizi kwa kushukuru. Anamalizia kwa kuihoji Marekani yenyewe ni nchi gani hii, akitumia maneno ya wimbo wao wa taifa kama mtu anayesoma risiti ya duka lililomwibia.

Rais Johnson alikuwa anatazama. Aliogopa kupoteza Kusini, akaitisha kikao na wanahabari papo hapo ili kamera zihame. Zilihama, lakini jioni vituo vya televisheni vilirusha ushahidi huo tena. Mwishowe chama kilitoa viti viwili, na wenye kupewa wakachaguliwa na chama chenyewe. Hamer na wenzake wakakataa. Huyo ni Johnson yuleyule wa kalamu nyingi, wiki saba tu baada ya kutia sahihi. Kama ungekuwa ndani ya ukumbi ule ungeona waziwazi nani anasukuma na nani anasukumwa.

Malcolm X alikuwa ameshalisema mnamo Aprili mwaka huohuo huko Cleveland, katika hotuba yake ya kura au risasi: mnawaweka Democratic mbele, nao wanawaweka ninyi nyuma, na mbaguzi wa Kusini ni Democratic aliyebadilisha shati tu. Mimi sikubaliani na kila kitu katika hotuba hiyo. Malcolm anamkejeli mpiga kura mweusi kana kwamba amelala, wakati watu wa Mississippi walikuwa wanapigwa risasi majumbani kwa kukesha. Lakini anajua kitu ambacho wauzaji wa hadithi hawataki kijulikane. Kura ambayo haiwezi kuhama haina bei, na kura inayohama bila kudai chochote haina bei pia.

Najua pingamizi. Utaniambia: tulia, sheria hupitishwa na wabunge na kutiwa sahihi na rais, Hamer hakuwa na kalamu. Ni kweli. Bila Johnson na Dirksen hakuna sheria ya 1964, na kuwafuta nao ni kukata filamu vilevile. Ninachokataa ni mpangilio wa sentensi. Kabla ya 1965, kaunti ya Selma ilikuwa na watu weusi zaidi ya nusu, na waliosajiliwa kupiga kura miongoni mwao walikuwa kama asilimia 2. Amelia Boynton na wenzake walikuwa wamefanya kazi hiyo miaka mingi kabla King hajafika. Jimmie Lee Jackson alipigwa risasi na polisi katika mji jirani wa Marion Februari 1965, akafa, na ndiyo sababu watu wakaanza safari ya daraja. Agosti ikaja sheria. Johnson alitia sahihi. Aliletewa karatasi na watu waliotembea.

Na kwa nini tujali kitenzi? Kwa sababu kilichopewa kinaweza kuonekana kama hisani iliyokwisha muda. Mwaka wa 2013, katika kesi iliyotoka kaunti ya Shelby, Alabama hiyohiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliondoa kanuni iliyoamua majimbo na kaunti zipi lazima zipate idhini ya serikali kuu kabla ya kubadilisha taratibu za uchaguzi. Wengi wa majaji waliona mambo yamebadilika. Ukiamini kura ilikuwa zawadi, utasema asante na kurudisha sanduku. Ukijua ilidaiwa, utaamka kesho yake uanze kudai tena, kama watu wengi wa Alabama walivyofanya.

Kinachoniuma zaidi katika hotuba ya Obama ni kwamba dai lake kwa Selma lilikuwepo, tena la kweli, na hakuhitaji kupinda mwaka hata mmoja. Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga alipitia Atlanta. Vijana wa vuguvugu walikwenda kumwona hotelini, wakamwimbia, wakatoka hapo wakaenda kuketi katika mkahawa wa karibu uliokataa watu weusi, wakakamatwa. Baadaye kuna wimbo ulitungwa kwa jina lake. Kisha mwaka wa 1964 wawili kati ya viongozi wa vijana hao walifika Nairobi na kumkuta Malcolm X katika hoteli ya New Stanley, wakakaa wakazungumza. Mmoja wao aliitwa John Lewis. Miezi mitano baadaye alikuwa mbele kabisa ya daraja la Selma, na kirungu cha polisi kikampasua kichwa. Mwaka wa 2007, Obama akihutubia Brown Chapel, Lewis alikuwa humo kanisani. Obama alimtaja kwa jina. Uzi wa kweli kati ya Nairobi na Selma ulikuwa umeketi hatua chache kutoka kwake, na yeye akaukimbilia uzi wa Kennedy.

Simlaumu sana. Alikuwa anaomba kura ndani ya chama, na hadithi za chama hupenda kuanzia juu. Sisi wasomaji ndio tusiokuwa na sababu ya kuanzia huko.

Hotuba ilipoisha nilimweleza shosho yote haya, Robinson, zile dola, na yule msichana wa Nyeri. Huyo wa Nyeri alimjua bila kuambiwa. Akarudi kwenye uji wake, akanyamaza kidogo, halafu akasema kwamba hata kwao kijijini kuna mtu aliuza ng'ombe ili mtoto aende. Nikamuuliza nani. Akataja jina, la baba na la ng'ombe pia.

Hilo la ng'ombe nililiandika.